Nimepimwa haiba mara nne, nikapata majibu matatu. Tuzungumze ukweli wa vipimo hivi

Binti wa Kongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu wenu.

Mwezi wa nne kazini kwetu (kampuni siitaji, na naomba tusiitafute) tulitumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp. Kila mmoja ajaze kipimo cha haiba na kutuma matokeo kabla ya saa kumi jioni. Nikajaza. Yakaja herufi nne, INFJ, na maelezo marefu matamu. Niliyapenda kwa kweli. Niliyasoma mara mbili, nikamtumia na dada yangu.

Wiki tatu baadaye ikatangazwa nafasi ya ndani ya kuhamia kaunta ya wateja. Nikaomba. Nikajibiwa kwa mdomo na afisa husika kwamba mimi ni introvati (mtu anayechoshwa na watu wengi, anayepata nguvu akiwa peke yake), kazi ya kuonana na watu kutwa nzima itanichosha, heri nibaki kwenye hesabu. Kompyuta ilikuwa wazi pale mezani. Niliona jina langu, na mbele yake safu yenye zile herufi nne.

Mimi nimekulia kwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Tangu kidato cha pili, likizo zote na Jumamosi zote nilikuwa namsaidia mama kuuza. Kariakoo mnaijua: mteja anashika kitenge chako huku macho yako duka la jirani, na una dakika moja tu ya kumfanya abaki. Nimewauzia Wakongomani wanaochukua kwa majora, nimewauzia akina mama wa sare za harusi wanaobishania rangi saa nzima hadi wanakaribia kugombana. Miguu iliuma, ndiyo. Kuchoshwa na watu sikuwahi.

Ndipo nikaamua kukipima hicho kipimo chenyewe. Linki ile ile, maswali yale yale, mara tatu zaidi ndani ya miezi mitatu, na kila mara nikaandika kwenye kidaftari siku, mahali na hali niliyokuwa nayo.

Ile ya kwanza, ya ofisini, ilikuwa Jumatatu ya kufunga hesabu za mwezi: INFJ, introvati (ile herufi I) asilimia 54. Ya pili nilijaza Jumapili, siku moja baada ya kicheni pati ya mdogo wangu pale Sinza, sauti imenikauka kwa vigelegele: ENFJ, ekstrovati (herufi E, kinyume cha introvati) asilimia 57. Ya tatu nikiwa ndani ya daladala, foleni ya Buguruni, jua la saa tisa: ISFJ. Ya nne nilijaza usiku nyumbani, wote wamelala: INFJ tena, lakini safari hii introvati asilimia 51 tu.

Mara nne, majibu matatu, na mtu ni yule yule.

Nikaanza kusoma asili ya jambo lenyewe. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa kitabu kuhusu aina za watu mwaka 1921. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, na bintiye Isabel Briggs Myers waliyachukua mawazo yale wakaongeza ya kwao. Isabel akaanza kutunga maswali wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake walipokuwa wakiingia viwandani kwa wingi, ili kila mmoja apate kazi inayomfaa. Nia njema kabisa. Wote wawili hawakuwa wamesomea saikolojia chuoni. Walijifundisha wenyewe kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo MBTI (Myers-Briggs Type Indicator), yenye aina 16 za watu, kila aina kwa herufi nne. Linki nyingi za bure tunazotumiana zinaazima herufi zake tu, si kipimo chenyewe. Na hili lilinifanya niweke simu chini: taasisi inayoisimamia MBTI inasema waziwazi kwamba si uadilifu kuitumia kuajiri au kumpangia mtu kazi.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua zaidi, ule mstari wa katikati. Simama Kivukoni pantoni inaposhusha watu kutoka Kigamboni, uwapange abiria kwa urefu. Warefu mno watakuwa wachache, wafupi mno wachache, na umati wote utajaa katikati. Halafu chora mstari kwenye sentimita 165: wa juu wote waitwe Warefu, wa chini wote waitwe Wafupi. Watu wawili wanaopishana unene wa kidole wamepewa majina tofauti, na yule wa 166 amewekwa kundi moja na wa 190. Herufi zinafanya hivyo hivyo. Mimi wa 51 na mwenzangu wa 95 sote ni "I", lakini mimi nikilala vibaya tu navuka mstari. Mwanasaikolojia David Pittenger aliliandika hili mwaka 1993, kwamba hata kwa pengo la wiki tano tu, hadi nusu ya watu wanaorudia MBTI wanapangwa aina nyingine.

Mama alinifundisha kwamba ukifika soko la samaki Feri, kabla hujauliza bei angalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ina maswali mawili. La kwanza, ukipima samaki yule yule mara tatu, inasema uzito ule ule? Huo ndio uthabiti. La pili, uzito inaousema ndio uzito wa kweli? Huo ndio usahihi. Mizani inayopunja gramu 200 kila siku ni thabiti, lakini inakuibia. Kipimo changu kimeanguka kwenye swali la kwanza, la pili hatujalifikia.

Mtakaosema "mbona mimi maelezo yalinigusa sana", hata mimi yalinigusa. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo "yake", na kuwataka wayape alama kati ya 0 na 5. Wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, na mengi aliyaokota kwenye kitabu cha nyota cha kununuliwa mtaani.

Nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu. Kwenye kikoba chetu cha Tabata tuko wanawake wanane. Niliandika aya moja kwa Kiswahili: "Unajali watu kuliko wanavyokujali. Wakati mwingine ni mchangamfu, wakati mwingine unataka utulivu. Una uwezo ambao hujautumia. Umewahi kuumizwa na mtu uliyemwamini." Nikawapa saba wenzangu, kila mmoja nikimwambia ni yake, imetokana na maswali aliyojaza. Watano walitoa 5. Mmoja 4, na machozi yakamlenga. Wa saba, mama mtu mzima anayeuza maandazi, aliisoma polepole, akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu, haya ni maneno ya kila mtu aliyewahi kuishi." Niliwaambia ukweli palepale nikawaomba radhi, kwa sababu yale machozi yalinichoma.

Naomba kuwasilisha. Nataka kusikia waliofaidika na vipimo hivi na walioumizwa navyo.

Mzee wa Semina

Binti yangu, nimekusoma hadi mwisho. Naongoza semina za ndoa kanisani huku Kimara kwa miaka 14. Tunafundisha haiba nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali, mpenda kuongoza), melankoli (mwenye kuwaza sana na huzuni) na flegimatiki (mtulivu). Nimeona ndoa zilizokuwa njiani kwenda ustawi wa jamii zikarudi nyumbani. Kuna baba mmoja aliamini kwa miaka tisa kwamba mkewe anamdharau kwa kuwa akikasirika ananyamaza. Siku ya semina aliposoma ukurasa wa melankoli alilia mbele ya watu. Unaweza kuniambia kipimo changu hakina stika, lakini yule mama leo yuko kwa mumewe.

Binti wa Kongo

Shikamoo mzee wangu. Siwezi kubishana na ndoa iliyopona, na nafurahi kwa ajili yao. Naomba niulize kwa heshima: kilichoponya ni zile haiba nne, au ni saa zile mbili ambazo baba alikaa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, akifikiria kwa nini mkewe ananyamaza?

Mtu wa Pwani

Naongezea historia kidogo. Hizo nne za mzee si ngeni kwetu pwani. Zinatoka kwa matabibu wa Kigiriki, Hipokrati na baadaye Galeni wa karne ya 2, walioamini mwili unaendeshwa na vimiminika vinne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Ukizidiwa na kimoja, ndiyo tabia yako. Waarabu wakaitafsiri tiba ile, ikasafiri hadi kwetu na vitabu vya tiba. Balghamu tunayosema hadi leo ni kohozi lile lile. Safura tunayoijua kama ugonjwa ni jina la Kiarabu la nyongo ya njano. Tiba yenyewe imeshaachwa hospitalini zamani. Mgawanyo wake wa tabia ndio ambao haujataka kufa, kama nyota. Wazee tuliokuwepo tunakumbuka watu walivyokuwa wakisubiri utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein. Binadamu anataka kuambiwa yeye ni nani.

Mwanafunzi wa Mlimani

Dada, umefanya kazi nzuri, ila naomba tusitupe vyote pamoja. Nasoma saikolojia hapa Mlimani. Kipimo kinachoheshimika kwa watafiti ni kile cha tabia kuu tano: uwazi wa fikra, bidii na mpangilio, uchangamfu, wema kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Hakikupi jina wala kundi. Kinakupa mahali ulipo kwenye mstari, na ukiwa katikati kinakuambia uko katikati.

Kilivyoanza ndiko kunakonivutia. Mwaka 1936, Wamarekani Gordon Allport na Henry Odbert waliipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 yanayotofautisha mtu na mtu. Wazo lao lilikuwa kwamba jambo la muhimu kuhusu binadamu litakuwa limeshapewa neno na wanaoishi naye. Waliofuata wakapunguza orodha kwa hesabu, wakiangalia maneno gani yanakwenda pamoja, hadi yakabaki mafungu matano.

Lakini hata hicho kina mipaka. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Watu 632 waliulizwa maswali hayo kwa lugha yao, na yale mafungu matano hayakujipanga kama yalivyotegemewa. Wengine, Michael Ashton na Kibeom Lee, walipoangalia kamusi za lugha kadhaa waliona fungu la sita: uaminifu na unyenyekevu. Natamani siku moja tuipekue kamusi ya Kiswahili kwa namna ile ile.

Binti wa Kongo

Mwanafunzi, umenigusa pale nilipokuwa nataka kufika. Baada ya ile mara ya nne nilimpelekea shangazi yangu wa Mbagala maswali yale, nikimtafsiria. Swali la tatu: "Mwisho wa wiki unapenda kukaa peke yako ili upate nguvu?" Shangazi aliniangalia kwa huruma. "Nikae peke yangu kwa nini? Nimekosana na nani?" Kwake kukaa peke yako ni adhabu au msiba. Atakuja kuwa ekstrovati wa asilimia mia moja kwa sababu ya maana ya neno, na wakati huo huo ni mwanamke mkimya kuliko wote niliowahi kuwaona.

Swali jingine: "Ukiamua jambo, unafuata kichwa au moyo?" Akaniuliza, tofauti yake nini? Na ana haki. Sisi tunasema moyoni, tunawaza moyoni, mtoto anahifadhi shairi kwa moyo. Moyo wa Kiswahili una akili.

Angalia na maneno yetu ya tabia: mchoyo, mwenye inda, mwenye gubu, kiherehere, mtu wa watu, mwenye soni, muungwana. Karibu yote yanaeleza unavyoishi na wengine. Halafu anayekujua kwa maneno hayo ni nani? Si wewe. Vipimo hivi vyote vinakuuliza wewe kuhusu wewe, na wahenga walishasema nyani haoni kundule. Walisema pia ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kama kweli mwajiri anataka kujua kama naweza wateja, aniweke mbele ya wateja.

Mpole wa Mbezi

Mimi niseme upande mwingine kabla uzi haujaisha. Nimekua nikiambiwa naringa. Nyumbani, shuleni, ukweni: "huyu binti anajisikia". Wageni wakija nilikuwa nasalimia, natenga chakula, narudi chumbani, kwa sababu kelele za watu wengi zilikuwa zinanimaliza. Nilichapwa kwa hilo nikiwa na miaka 11. Nilipokutana na neno introvati nikiwa na miaka 26 nilihisi kama kuna mtu amefungua dirisha. Nilimwonyesha mama mkwe maelezo, tukakaa nayo jikoni, na tangu siku ile hajanisema tena. Nikirudia kipimo huenda herufi nyingine zitabadilika, ila hiyo ya kwanza haibadiliki, huwa ni zaidi ya asilimia 90. Naomba tusiwanyang'anye watu neno walilolitafuta maisha yao yote.

Binti wa Kongo

Dada, asante, na pole kwa ile fimbo. Umenirekebisha. Wewe uko mbali kabisa na ule mstari, ndiyo maana jibu lako halitikisiki. Tena neno ulilichukua mwenyewe, ukalitumia kujieleza kwa mtu unayeishi naye. Mimi lilichukuliwa na mtu mwingine likaandikwa kwenye faili. Sikuwa nimeiona tofauti hiyo vizuri hadi nilipokusoma.

Kijana wa Chanika

Wakuu, nina usaili Alhamisi na nimeshaambiwa kutakuwa na kipimo cha haiba. Nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, hii ni nafasi ya kwanza kuitwa. Nijibu kama nilivyo au nijibu wanachotaka?

Mwanafunzi wa Mlimani

Mdogo wangu, jibu ulivyo. Vipimo vilivyotungwa vizuri vinauliza jambo moja kwa njia mbili tatu, mbali mbali, na vingine vina maswali ya kunasa anayejipamba, mfano "sijawahi kusema uongo hata mara moja". Ukijitungia mtu mwingine utajigonga mwenyewe. Lala mapema, kula kabla, usijaze kwa haraka. Wakimaliza waulize kwa adabu kipimo kinaitwaje na matokeo yatatumikaje. Swali hilo haliwezi kukuharibia.

Mzee wa Semina

Binti, nimelala na swali lako siku mbili. Nadhani ni vyote viwili. Yale mazungumzo ndiyo yaliyoponya, lakini bila ile karatasi yule baba asingekaa kitini. Mwezi ujao nitafundisha tena, na safari hii nitawaambia karatasi ni mlango tu. Nitaacha pia kuwaambia vijana wachumba kwamba koleriki na koleriki wasioane. Nimewahi kumwambia mmoja hivyo, akaniamini.

Karani wa Ilala

Mwanzisha uzi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kujua mwajiri ameshika taarifa gani zako na kwa sababu gani, na kuomba zisizo sahihi zirekebishwe. Andika barua, usiseme kwa mdomo. Ambatanisha majibu yako yote manne na tarehe zake. Wasipojibu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Binti wa Kongo

Mrejesho, wakuu. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha kurasa za kidaftari. Niliomba mambo mawili: nijaribiwe kaunta kwa muda watakaopanga wao, na ile safu ya herufi ifutwe kwa wafanyakazi wote, si mimi peke yangu.

La kwanza nimekubaliwa. Nimepewa wiki mbili, leo nimemaliza siku ya nne. Asubuhi alikuja baba mmoja amefura kwa kosa la ankara ambalo halikuwa langu. Nilimpa kiti, nikamwacha aseme yote hadi mwisho bila kumkatiza, kama nilivyomwona mama akifanya pale dukani kwa miaka yote ile. Tuliachana tukiwa tumeulizana kabila na watoto.

La pili sijajibiwa. Jana nimepita mezani kwa afisa, faili likiwa wazi. Safu bado ipo.